Jina Alilolichomoa Almeta

Dada yangu Almeta aliweza kusoma maneno yaliyopinduliwa kichwa chini miguu juu haraka kuliko mchungaji wetu alivyosoma Zaburi. Kazi ndiyo iliyomfunza. Alikuwa mpanga herufi kwenye Mwenge, gazeti letu sisi watu weusi wa mji wa Savannah lililotoka kila Ijumaa. Mpanga herufi huokota vijiherufi vya madini ya risasi kimoja kimoja, akavipanga mstari kwa mstari, na muda wote maneno anayaona yamegeuka. Ncha za vidole vyake zilikuwa na wino usiotoka, wala hakujisumbua kuusugua. Alipenda watu waulize.

Nasimulia alichokifanya mwaka 1931, maana waliosimulia kabla yangu nusu yao walimfanya shetani na nusu wakamfanya malaika. Mimi nililala naye kitanda kimoja miaka kumi na minne. Hakuwa huyo wala yule. Alikuwa na wivu.

Tulilelewa na Bibi Phibby, mama yake baba, aliyezaliwa utumwani kwenye mashamba ya mpunga huko mtoni. Ni kwake tuliposikia habari za Hajiri. Hajiri alikuwa mtumwa aliyetoroka akaenda kuishi katikati ya kinamasi, mahali ambapo hata wawindaji hawakutia mguu, na alikuwa akirudi na mtumbwi kuchukua watu, wawili wawili, mbwa wa bwana wakimnusa wanalala chini kama wanakondoo. Shuleni Hajiri hakuwamo. Vitabu vyetu vilikuwa vikuukuu vya shule ya Wazungu, na majina ya watoto wao yalikuwa bado yameandikwa kwenye jalada. Mle ndani sisi tulikuwa na ukurasa mmoja tu, tumechorwa tunachuma pamba, tunacheka.

Wajukuu tulikuwa wawili, Almeta na mimi Mina, lakini wasikilizaji tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa Leola Mungin wa nyumba ya pili. Mama yake alifua nguo za watu tangu alfajiri, kwa hiyo Leola alikula kwetu, akaoga kwetu, na akikosea alichapwa kwetu. Alikuwa na kigugumizi. Darasani mwalimu alimruka kwa kumhurumia, wakati Almeta alisimamishwa mbele kila Pasaka kukariri mashairi, gauni limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Almeta alikuwa akisema mbele ya kila mtu, hata kwa mwuza barafu, kwamba akikua atakuwa mwandishi. Leola hakusema kitu. Alikaa karibu na goti la Bibi, anamenya kunde, na Bibi akinyamaza kidogo tu anauliza, "H-h-halafu?"

"Halafu mmalize kunde," Bibi anajibu. Mwisho wa Hajiri hakuwahi kuusema. Alikufa nao.

Basi tukakua. Almeta akaolewa na Ferris Boles, mpakuaji wa ndizi bandarini, mtu mpole wa kifua kipana ambaye kusoma kulimpita mbali. Akapata kazi Mwenge, mwanamke pekee kwenye chumba kile cha chapa. Mimi na Leola tukapata kazi ya kupiga pasi kwenye dobi la hoteli kubwa ya Wazungu, meza zetu zikipakana.

Mwenye gazeti na mhariri wake alikuwa Bwana Bascom Tolliver, mjane, shemasi wa kanisa letu, mwenye tai ya kipepeo na sauti kama anayeombea chakula hata akiagiza wino. Mara tatu Almeta alimpelekea hadithi alizoandika mwenyewe. Mara ya tatu akamrudishia makaratasi akamwambia, "Bi Almeta, una mkono mwepesi sana wa kupanga. Mkono wa kuandika ni mwingine."

Dada hakulia. Alikuja kwangu, akakaa jikoni, akala mkate wa mahindi wote niliokuwa nimemwekea mume wangu.

Mimi nilikuwa na siri yangu tayari. Kwenye dobi tulifungia mashati kwa karatasi za kaki, na mabaki Leola alikuwa akiyachukua, anayanyoosha kwa pasi, na saa ya chakula anajibanza nyuma ya mapipa ya wanga wa kukazia nguo anaandika. Nilimkuta siku moja. Akaikumbatia ile karatasi kifuani kama mtu aliyefumwa anaoga.

"Usi-usimwambie Almeta," akasema. "Atanicheka."

"Unaandika nini?"

"Ha-Hajiri."

Nikanyamaza. Najua ningesema mapema pengine mambo yangekwenda vingine, au pengine yangekuwa yaleyale ila mapema.

Mwezi wa nne Bwana Tolliver akaweka bunda la karatasi za kaki mbele ya Almeta. "Panga hii," akamwambia, "safu mbili, ukurasa wa tatu. Tutaitoa kila wiki." Dada alinisimulia baadaye kwamba kwanza alisikia harufu ya wanga, kisha akaujua mwandiko, kisha akasoma kichwa: Hajiri wa Kinamasi, na chini yake, Leola Mungin.

Jioni hiyo alinisubiri barazani kwangu.

"Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Mina, usinichezee! Bibi yangu, hadithi ya bibi yangu, anaiokota huyo aliyekuwa anakuja kula kwetu!"

"Dada, Bibi alitusimulia wote."

"Alikuwa bibi wa nani?" Akawa anapiga nguzo ya baraza kwa kiganja. "Na mtu mwenyewe kusema jina lake hawezi bila kukwama mara mbili!"

"Ni nzuri?" nikamuuliza.

Akaacha kupiga. Mkono ukabaki pale kwenye nguzo. "Ndiyo," akasema mwishowe, na sijapata kumsikia mtu akilitamka neno hilo kwa uchungu kama ule. "Ni nzuri, nzuri mno. Mpaka nikapanga mstari mzima bila kuangalia nyuma, nataka kujua mbele kuna nini."

Kufika mwezi wa tano mji mzima wa weusi ulikuwa hauna habari nyingine. Kwa kinyozi mtu mmoja alisoma kwa sauti na wengine hawakukubali kunyolewa mpaka amalize. Kanisani, mama zetu walijipepea na kunong'onezana kama wale mapacha wa kwenye hadithi wamevuka mto. Ferris, shemeji yangu, ndiye aliyekuwa amezidi. Alikuwa akirudi kutoka bandarini Ijumaa, hajavua hata viatu, anakaa.

"Nisomee, mama."

"Nimeipanga kutwa, nimechoka nayo."

"Basi nisimulie kwa kifupi. Yule msimamizi aliyeona nyayo, amesema au hakusema?"

"Ferris, nimekuandikia hadithi ngapi wewe? Ulipata kuniuliza nani kasema na nani hakusema?"

Mume maskini akafikiri kwa uaminifu. "Zako zilikuwa na maneno mazuri," akasema. "Ila hazikuwa na mbwa."

Akalala na njaa siku hiyo, na gazeti alisomewa na jirani.

Leola naye, masikini, alidhani furaha yake ni ya wote. Kila Jumamosi alimpelekea Almeta pai ya viazi vitamu. "Shoga, bi-bila wewe kuzipanga vizuri hivyo nani angesoma? Si-siku ya mwisho nitaandika jina la Bibi, kwamba ni-nilisikia kwake." Almeta alipokea pai, akatabasamu kwa meno, na mgeni akiondoka ananiambia, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ngoja uone." Kila wiki akangoja hadithi ichuje. Kila wiki akapokea karatasi za kaki, akazisoma amesimama, na ikawa haikuchuja. Pai ile aliila. Ilikuwa tamu, na hilo pia lilimuuma.

Wiki ya saba ndipo ilipotokea. Tangazo la mafuta ya nywele lilikuja refu kuliko kawaida, na Bwana Tolliver akasema kutoka mlangoni, "Punguza mstari mmoja ukurasa wa tatu." Mstari wowote. Palikuwa na tangazo la mbwa aliyepotea na shairi baya la mtu wa kule kando ya mfereji. Almeta akanyoosha mkono, akachomoa Leola Mungin, herufi kumi na moja, akazirudisha kila moja kwenye kijumba chake. Aliniambia hakutetemeka. Aliniambia alijisikia kama mtu aliyetolewa mwiba.

Wiki ya nane tangazo la mafuta lilirudi saizi yake, na nafasi ilikuwapo. Hakulirudisha jina.

Leola alikwenda kumwuliza, gazeti mkononi. Mimi nilikuwapo.

"Shoga, ji-jina langu limekwenda wapi?"

"Nafasi hakuna, mwenzangu. Matangazo yamejaa."

"Wiki zote mbili?"

"Matangazo ndiyo yanayotulisha, Leola. Unataka nimwambie Bwana Tolliver afukuze wateja kwa ajili yako?"

Leola akatazama ule ukurasa muda mrefu. "Haya," akasema. "Mra-mradi Hajiri yumo." Akaaga.

Nikamtazama dada yangu naye akanitazama. "Neno moja tu, Mina," akaniambia. "Thubutu useme neno moja."

Sasa, hadithi isiyo na mwenyewe hutafutiwa mwenyewe. Waliosoma jina wiki zile za mwanzo walikuwa hawakulitia maanani, maana nani anamjua Leola Mungin? Wakaanza kusema ni Tolliver mwenyewe, kwamba lile jina la kike lilikuwa la kuficha haya. Jumapili moja mama mmoja akamshika mkono kwenye ngazi za kanisa.

"Shemasi, mambo haya unayatoa wapi, jamani?"

Bwana Tolliver angeweza kusema, si mimi. Badala yake aliinamisha macho, akagusa tai yake, akasema, "Mungu hugawa, mama. Mungu hugawa."

Almeta alikuwa ngazi ya chini yake. Nilimwona shingo ikikakamaa. Alimwonea Leola wivu kwa miezi, lakini hakuwa amekusudia kumpa mali ile mwanamume aliyemwambia hana mkono wa kuandika. Mwenye akili angeurudisha ule mstari Jumatatu. Yeye akaona akiurudisha ataulizwa ulikuwa wapi. Hivyo akazidi kunyamaza, na kwa wiki tano ule mstari haukurudi.

Kwenye dobi mambo yakaharibika kwa sababu ya Dosha Pinkney, mpiga pasi mwenzetu, mwenye mdomo wa tarumbeta. "Huyo Tolliver," Dosha anasema siku moja, "utafikiri alizaliwa mwanamke! Alivyoandika yule mama akijifungua ndani ya mtumbwi, mie nilishika kiuno."

Leola akaweka pasi chini. "Ni-ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni-ni-ninayeandika."

Wakaangua kicheko, si cha chuki, ni kile cha watu wa joto jingi na kazi ngumu waliopata kitu cha kuchekea. "Leola! Wewe ungeandika, si Ha-Ha-Ha-Hajiri angefika mtoni mwaka ujao?" Nikasema ni kweli, nimemwona kwa macho yangu. Wakanicheka na mimi. Nikasema basi muulizeni dada yangu, ndiye anayepanga, na nilisema hivyo nikiamini moyoni kwamba mbele za watu Almeta asingeweza kusema uongo.

Pikiniki ya kanisa ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, chini ya mialoni kule mtoni. Kaa wamechemshwa, matikiti yamepasuliwa, kuku wamekaangwa, watoto wameshalowa. Almeta alikuwa anagawa wali na kunde, Leola yuko kwenye foleni na sahani yake, mimi nyuma yake. Dosha akapaza sauti ili mstari wote usikie.

"Dada Almeta! Hebu tukate ubishi. Leola anasema Hajiri ni wake. Wewe ndiwe unayezishika hizo karatasi. Anaandika nani?"

Watu wakageuka. Bwana Tolliver, meza ya mashemasi, akawa ameshika paja la kuku hewani. Almeta alikuwa na upawa mkononi. Akamtazama Leola, na Leola akamtazama yeye bila wasiwasi wowote, kama mtoto anayesubiri kuitwa jina darasani.

"Mimi napanga ninachopewa," Almeta akasema. "Karatasi haina jina."

Akamwekea Leola wali.

Leola akaitazama sahani. Akaiweka mezani taratibu, akaisogeza katikati isije ikaanguka, akaondoka akipita katikati ya mialoni kuelekea barabarani, bila kukimbia. Nyuma yake Dosha akasema, "Si niliwaambia?" lakini hakucheka, na waliosimama karibu hawakucheka. Nadhani kila mtu aliona kitu fulani ila hakujua ni nini.

Ijumaa iliyofuata karatasi za kaki hazikuja. Hajiri alikuwa ameachwa katikati ya mto, maji kifuani, mtoto wa mtu begani, mbwa wapya kutoka mji wa Charleston wasiomjua wanaogelea nyuma yake. Wiki ya pili hazikuja. Watu wakaanza kusimama mlangoni pa gazeti. Kinyozi alituma ujumbe. Mwanamke mmoja wa kisiwani alivuka kwa mashua na kapu la kamba wabichi, akaomba aambiwe tu kama mtoto anapona, kisha atarudi zake.

Bwana Tolliver alijifungia siku nzima na chupa ya wino. Alipotoka, tai imelegea, alimwita Almeta.

"Bi Almeta. Yule mwanamke amekataa hata kunifungulia mlango. Nasikia hadithi yenyewe ilitoka kwa bibi yako."

"Ndiyo."

"Basi iandike wewe. Umalizie."

Wazieni. Jambo aliloliomba tangu ana miaka tisa liko mezani.

"Kwa jina langu?" akauliza.

"Bila jina. Kama ilivyozoeleka."

Akakubali. Akachukua siku tatu. Nilipokwenda kumwangalia siku ya tatu, meza ilikuwa imejaa karatasi na Ferris yumo jikoni anapika mwenyewe, ananyata. Almeta alikuwa amekaa wima, mikono magotini.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma. Maneno yalikuwa mazuri, kila moja limepigwa pasi. Hajiri alikuwa palepale katikati ya mto. Kurasa sita, na maji hayakuwa yamesogea.

"Hatembei," akasema dada. "Namsukuma, Mina. Namsukuma kwa mikono miwili, hatembei. Anakaa tu pale ananitazama kama anamngoja mwingine." Kisha ndipo alipolia, na hakuwa akilia kwa kutubu. Ulikuwa wivu mtupu, mbichi, umevuliwa nguo zote. "Kwa nini yeye? Bibi alikuwa wangu, vitabu vilikuwa vyangu, mashairi nilikariri mimi. Kwa nini akampa yeye?"

"Bibi hakumpa mtu. Leola ndiye aliyeuliza 'halafu,'" nikasema.

Alivaa viatu.

Tulikwenda wote. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua kali, Leola yuko barazani anasuka nywele za mtoto wa dada yake. Hakusimama. Almeta alibaki chini, kwenye mchanga, wala hakupanda ngazi.

"Nililichomoa jina lako," akasema. "Nafasi ilikuwapo. Nililichomoa kwa wivu."

"Najua," akasema Leola.

"Unajua?"

"Tangu ile wiki ya pili isiyo na jina. Na-nahesabu mistari, Almeta. Naandika ya kutosha safu mbili na-nabakiza nafasi ya jina." Akaendelea kusuka. Kigugumizi chake, nikagundua, kilikuwa kidogo siku hiyo kuliko siku zote. "Nikasema ataacha. Wivu ni kama homa, hupanda, hushuka. Nikasema ni Almeta, tumekula sahani moja, ataacha mwenyewe. Nikakuletea pai."

"Leola…"

"Hapana, ngoja. Lile la ga-gazeti ningelimeza. Herufi za risasi ni risasi tu. Lakini pale mtoni ulikuwa na mdomo wako mwenyewe. Walikuwa wananicheka, ukaniwekea wali."

Almeta akaanza kusema nisamehe. Leola akainua kitana.

"Usiniombe mimi hapa kwenye mchanga, hakuna anayesikia. Kawaambie wao."

Jumapili, wakati wa matangazo, baada ya habari za wagonjwa, Almeta akasimama. Nilikuwa nimekaa naye. Alisema kwa sauti ileile ya Pasaka, kila neno wazi. Kwamba Hajiri wa Kinamasi imeandikwa na Leola Mungin tangu neno la kwanza. Kwamba yeye ndiye aliyeliondoa jina. Kwamba pale pikiniki alisema uongo. "Na nilifanya hivyo," akasema, "kwa kuwa anaandika vizuri kuliko mimi, na sikuweza kuvumilia."

Hata vipepeo vya mkono vilisimama. Mama mmoja mzee wa kiti cha mbele akasema, "Mm-hm," polepole. Dosha Pinkney akatazama kiatu chake. Bwana Tolliver, kwenye benchi la mashemasi, alitafuta wimbo kwenye kitabu cha nyimbo kwa bidii kubwa, ingawa hakuna aliyekuwa ametaja namba.

Leola hakuwapo. Alikuwa zamu hotelini. Aliambiwa baadaye na watu ishirini, kila mmoja kwa namna yake.

Jumatatu Almeta alifukuzwa kazi. Alhamisi akarudishwa, maana Leola alimpelekea Tolliver ujumbe kupitia kwangu: mwisho wa Hajiri uko tayari, sura nne, kwa masharti mawili. La kwanza, jina, na jina la Bibi Phibby Gadsden pia. La pili, apange Almeta, asipange mwingine.

"Kwa nini yeye?" nilimwuliza Leola.

"Nataka azisome," akajibu. "Kila herufi."

Ilikuwa adhabu au heshima? Nimefikiri miaka mingi, nadhani Leola mwenyewe hakuwa na hakika. Ninachojua ni kwamba Almeta alipanga sura zile nne mikono ikienda polepole kama ya mwanagenzi. Jina akalipanga kwa herufi kubwa za vichwa vya habari. Leola alipoona chapa ya kwanza ya majaribio akasema, "Pu-punguza. Hajafa Rais." Akapunguza.

Sura ya mwisho ilitoka mwezi wa kumi. Sitawaeleza yote. Mtoto alipona. Mbwa wa Charleston hawakulala chini kama wale wa zamani, na Hajiri hakutegemea walale. Kuna mahali anapoacha mtumbwi uende na maji ukiwa mtupu, nao wanaufuata, na yeye yuko kwenye matete amesimama, maji yamefika kidevuni, ameshika mdomo wa mtoto. Kinyozi aliisoma mara mbili mfululizo. Ferris alisomewa na mkewe mwenyewe, na aliponyanyua kichwa, aliniambia, alimkuta Almeta ametazama ukuta. "Matete," Almeta akawa anasema peke yake. "Matete yalikuwapo miaka yote. Kwa nini sikuyaona?"

Urafiki haukurudi kama zamani. Walisalimiana, walikaa benchi moja, walipikiana kwenye misiba. Pai hazikuja tena, na Almeta hakuziulizia, ingawa nilimwona mara kadhaa Jumamosi akichungulia barabara. Leola aliandika hadithi nyingine mbili, fupi, kisha mkono ukaharibika kwa pasi na miaka. Alikufa 1957. Mwenge lilikuwa limekufa zamani, na magazeti yake watu walifungia samaki. Maktaba ya mji haikuweka hata moja. Walikuwa wakiweka ya Wazungu.

Mwaka 1963 akaja mwalimu kijana wa sekondari, mwanamke wa hapahapa mwenye nywele za asili na daftari, anakusanya habari za watu wetu walioachwa nje ya vitabu. Alikuwa amepata kipande cha Hajiri kimebandikwa ukutani kwa bibi yake kuzuia upepo. Akaelekezwa kwa Almeta.

Dada alikuwa na miaka sitini na nne. Alimkalisha barazani, akampa karanga za kuchemsha na chai ya barafu, na akamweleza Leola kwa saa tatu: kigugumizi, karatasi za kaki, harufu ya wanga, mistari aliyohesabu. Hakuficha lake. Sura ya mwisho aliisema kwa kichwa, yote, bila kukosea nukta, mpaka mwalimu akaacha kuandika akawa anasikiliza tu.

Mwalimu alipoondoka, Almeta akaokota maganda ya karanga moja moja kwenye sahani.

"Msichana mzuri," nikasema.

"Mzuri," akasema. Akaendelea kuokota. "Saa tatu, Mina. Hakuniuliza habari zangu hata moja."